Shangazi na dagaa wa Collioure

Jumatatu

Kutoka Marseille hakuna treni ya moja kwa moja mpaka Collioure. Tulishuka Narbonne, tukangoja pale na chupa yetu ya chai, kisha tukapanda treni ya mkoa inayofuata pwani kuelekea mpaka wa Uhispania. Ukishapita Perpignan nchi ni tambarare: mizabibu huku, bahari kule kwa mbali. Ukifika Argelès mambo yanageuka. Milima ya Pyrénées inateremka mpaka majini, reli inabanwa baina ya jabali na bahari, na kituo kinachofuata ndicho chetu.

Nilikuwa na shangazi yangu, aliyekuja Ufaransa kunitazama. Shangazi ana vichanja vya kuanikia dagaa kaskazini ya Unguja, na wateja wake wakubwa ni Wakongo. Nilipomwambia kuna mji mdogo huku uliopata jina kwa dagaa wa chumvi, habari za Paris na mnara wake zikaishia hapohapo.

Collioure ina wakazi wasiofika 3,000, na kiangazi huwaoni wenyeji kwa wingi wa watalii. Sisi tulikwenda mwisho wa Septemba, shule zimefunguliwa, njia zinapitika. Ghuba yake ni ndogo. Upande mmoja ngome kubwa imekaa juu ya mwamba, upande wa pili kanisa limesimama miguu majini, na katikati ni ufuo wa kokoto uitwao Boramar. Nyumba zimepakwa rangi ya waridi, ya njano, ya chungwa, na nyuma yake milima imechongwa matuta ya mizabibu mpaka juu.

Shangazi aliweka mkoba chini akatazama yote hayo kwa utulivu, kisha akauliza, "Vyombo viko wapi?"

Nikamwonyesha mashua za Kikatalani, yaani za watu wa asili wa pwani hii, zilizofungwa karibu na ngome, zinang'aa buluu, nyekundu na kijani. Akaziendea mpaka ukingoni mwa gati, akainama, akavuta pumzi.

"Hizi hazivui," akasema. "Hazinuki."

Kweli hazivui. Ni vyombo vya ukumbusho, vinatunzwa na wapenzi wa bahari na kutiwa tanga siku za sherehe. Lakini kimoja kilikuwa na foromali, boriti ya kubebea tanga, imelazwa juu yake, tanga limefungwa, na hapo shangazi akachangamka. Babu yangu, yaani baba yake, alikuwa nahodha. Foromali ndefu, mlingoti ulioinamia mbele, tanga la pembetatu: akanieleza pale pale namna wangeligeuza upepo ukibadilika, wapi angekaa mshika usukani, na kwamba chombo kama hiki kikienda joshi, yaani kikikaza kuelekea upepo, kinahitaji watu wasiolala. Tanga la namna hii limetumika Mediterania na Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Wavuvi wa Collioure walitoka nalo jioni na nyavu zao mpaka injini zilipokuja kulistaafisha katika karne ya 20.

Jumanne

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umelala sana. Twende kwenye dagaa."

Zamani hapa palikuwa na nyumba nyingi za kutia samaki chumvi. Zimebaki mbili za asili, zote za kifamilia: Roque, iliyoanza 1870, na Desclaux, iliyoanza 1903. Tulianza na Roque, iliyo karibu na barabara ya kutokea mjini, ambako chini ni duka na juu unaweza kuwatazama wanawake wakifanya kazi.

Samaki wao ni anchovi wa Ulaya, jamaa wa dagaa mchele wetu lakini mkubwa zaidi, mrefu kuliko kidole cha kati cha mtu mzima. Akifika tu anachanganywa na chumvi ili asiharibike. Kisha kichwa na matumbo vinatolewa kwa mkono, na hii ndiyo kazi iliyomsimamisha shangazi. Kidole gumba kinabana nyuma ya shavu, mkono unazungushwa kidogo, kichwa kinatoka na utumbo wote ukifuata nyuma yake. Hakuna kisu. Kabla hujamaliza kutazama mmoja, watatu wamekwisha.

Halafu wanapangwa ndani ya pipa, duara kwa duara, vichwa vilipokuwa vikielekea ukingoni, tabaka la samaki na tabaka la chumvi, mpaka juu. Pipa likijaa wanaweka kitu kizito juu yake. Samaki anatoa maji yake mwenyewe, maji yanakuwa maji ya chumvi, na humo anakaa miezi, mitatu na zaidi kutegemea ukubwa wake na joto. Hawi samaki wa kukaushwa wala wa kupikwa. Nyama inabadilika yenyewe kutoka weupe mpaka wekundu wa kahawia, na harufu inakuwa nzito na tamu. Baadaye anaoshwa, anapasuliwa, mwiba unang'olewa kwa vidole, na minofu inalazwa ikauke kabla ya kutiwa mafuta ndani ya chupa. Wengine wanauzwa wazima ndani ya chumvi yao, na hao ndio wenyeji wanaonunua.

Shangazi alitaka kujua kila kitu, nami nikawa mkalimani.

"Muulize chumvi wanaitia kwa kipimo gani."

Mama wa kazini, mtu mzima, mikono imechongeka kwa chumvi, alicheka akasema kipimo kiko mkononi, si kwenye mzani.

"Mwambie kwetu tunawachemsha kwanza, kwenye pipa la maji ya chumvi, dakika chache tu, halafu juani."

Nikamwambia. Akauliza jua linachukua muda gani. Shangazi akasema jua likiwa kali ni siku moja, na mvua ikinyesha ni hasara na kilio. Yule mama akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayejua hasara ya samaki. Wakaendelea hivyo robo saa nzima, mimi katikati nikihamisha maneno, mpaka nikaona wananisahau na kuanza kuonyeshana kwa vidole.

Alipopewa mnofu kwenye kipande cha mkate na pilipili hoho nyekundu ya kuchoma, alitafuna taratibu, akanywa maji, akanywa tena maji. "Chumvi imemzidi," akaniambia kwa Kiswahili, uso umetulia kabisa kwa heshima ya mwenyeji. Baada ya muda akachukua kipande cha pili.

Kuna jambo moja la historia alilolipenda kuliko yote. Zamani Ufaransa ilikuwa na kodi ya chumvi, gabelle, iliyochukiwa nchi nzima. Watu walifungwa kwa magendo ya chumvi. Collioure ilisamehewa. Bila chumvi rahisi hakuna pipa, na bila pipa hakuna mji. Shangazi, ambaye ana mengi ya kusema kuhusu ushuru wa bandarini, alinyamaza kidogo akasema, "Hao walikuwa na mtu wao serikalini."

Sasa lile swali ambalo nilijua litakuja. Samaki wanatoka wapi, kama vyombo vya hapa havivui? Jibu lilikuja bila kuficha: wananunua kutoka bandari nyingine, za Mediterania na za Atlantiki. Tangu 2004 jina "Anchois de Collioure" linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na kinacholindwa ni kazi: aina ya samaki, namna ya kumtia chumvi, mahali anapotengenezwa. Ghuba iliyo mbele ya mlango haidaiwi kutoa samaki.

Mimi nilikuwa tayari kuona hilo kama ujanja wa biashara. Shangazi alikataa. "Karafuu inauzwa Singapore kwa jina la nani? Jina ni la anayejua kazi."

Jioni nilimsomea habari za taa. Katikati ya karne ya 20 wavuvi wa pwani hii waliacha nyavu za kuachia zikielea, wakachukua uvuvi wa lamparo: chombo chenye taa kali kinakusanya samaki usiku, na chombo kikubwa kinazungusha wavu. Shangazi hakuhitaji maelezo. Kwetu ilikuwa karabai, sasa ni jenereta na balbu, na mwezi ukiwa mpevu watu wanabaki nyumbani kwa sababu samaki hafuati taa akiwa na mwanga wa bure. Huku samaki walivuliwa kwa wingi, kisha meli kubwa zenye majarife zikaja, na tangu kama mwaka 2008 anchovi na saladini wa Ghuba ya Lion, bahari ya upande huu wa Ufaransa, wamekuwa wadogo na wembamba. Watafiti wa taasisi ya bahari ya Ufaransa, Ifremer, wameona kwamba sababu kubwa ni chakula chao, planktoni, ambayo imebadilika.

"Wembamba kiasi gani?" akauliza shangazi. Hilo lilimkaa. Alilirudia tena kabla ya kulala.

Jumatano

Asubuhi soko dogo chini ya miti: mizeituni, jibini, matunda, soseji tulizozipita mbali. Kisha ngome.

Inaitwa Château Royal. Karne ya 13 na ya 14 ilikuwa makao ya wafalme wa Majorca, dola ndogo iliyodumu kutoka 1276 mpaka 1344, mji wake mkuu wa bara ukiwa Perpignan. Baadaye ikashikwa na Aragon, kisha Uhispania. Mwaka 1642 jeshi la Ufaransa liliuzingira mji na kuutwaa, na Mkataba wa Pyrénées wa 1659 ukaumaliza ubishi kwenye karatasi: nchi yote ya Roussillon ni ya Ufaransa. Kwenye mioyo haukuumaliza. Bendera ya mistari ya njano na nyekundu ya Wakatalani inapepea kila mahali, majina ya mitaa yako kwa lugha mbili, na mzee wa duka la mikate alipotusikia tukizungumza lugha asiyoijua alitusalimu kwa Kikatalani, pengine kwa kuwa alituona wageni kwa Wafaransa kama yeye.

Ila habari ya kweli ya mji huu iko nje ya ngome, mahali penye uwazi ambapo leo magari yanaegeshwa. Hapo ndipo palipokuwa na mji wa kale. Vauban, mhandisi wa kijeshi wa Louis XIV, hakuipenda Collioure. Aliona Port-Vendres, kilomita chache kusini, ina bandari yenye kina na kinga, akataka watu wahamishiwe huko. Watu waligoma kuhama. Basi hakupata yote, lakini miaka ya 1670 nyumba zilizoizunguka ngome, pamoja na kanisa lao, zilibomolewa ili mizinga ipate uwanja wazi wa kupiga adui.

Wakabaki hawana kanisa. Kati ya 1684 na 1691 wakajenga jipya kwenye ukingo wa bahari, ndilo Notre-Dame-des-Anges, na kwa mnara wa kengele wakatumia mnara wa zamani uliokuwa ukiongoza vyombo kuingia bandarini. Kuba lake la waridi liliongezwa mwanzoni mwa karne ya 19. Picha ile ya kadi za posta, kanisa lenye miguu majini ambalo watu wanavuka dunia kuja kulipiga picha, ni matokeo ya bomoabomoa ya wanajeshi. Hakuna aliyepanga iwe nzuri. Hapakuwa na mahali pengine.

"Kwa hiyo walivunjiwa," alisema shangazi.

"Walivunjiwa."

"Kwetu wanakuambia barabara inapita. Hawa waliambiwa mizinga inapita."

Alikaa kwenye ukuta wa nje, mimi nikaingia. Ndani ni giza mpaka macho yazoee, halafu dhahabu inaanza kutokea kidogo kidogo: madhabahu ya mbao iliyochongwa na Joseph Sunyer, Mkatalani, mwaka 1698, inapanda karibu mpaka darini, watakatifu wamesongamana. Kwa mji wa wavuvi uliotoka kubomolewa ni gharama kubwa sana. Nadhani ndiyo maana waliifanya.

Alhamisi

Makaburi ya zamani yako katikati ya mji, hatua chache kutoka mikahawani. Ukiingia, karibu na mlango, utaona kaburi moja lenye maua mabichi, mawe, vitambaa vya rangi nyekundu, njano na zambarau, na sanduku la barua. Ni la Antonio Machado, mshairi wa Kihispania. Watu humwandikia barua mpaka leo na kuziweka pale.

Uhispania ilikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Januari 1939 Barcelona ilianguka mikononi mwa jeshi la Franco, jenerali aliyeiasi serikali ya Jamhuri, na katika majuma machache kadiri ya watu nusu milioni walivuka Pyrénées kwenye baridi, kwa miguu, na watoto, na mabunda. Machado alikuwa miongoni mwao, mgonjwa wa pumu na moyo, pamoja na mama yake Ana Ruiz aliyepita miaka 80, ndugu yake José na mke wa José. Walipanda treni mpakani wakashuka Collioure tarehe 28 Januari, mvua ikinyesha. Inasimuliwa kwamba yule bibi, akili imeshachoka, aliuliza kama watafika Sevilla karibuni. Sevilla ndiko walikotoka enzi hizo nzuri.

Hotelini, Bougnol-Quintana, mwenye nyumba aliwapokea bila kuuliza pesa. Hawakuwa na nguo: ndugu wale wawili walikuwa wakishuka kula kwa zamu kwa sababu shati lilikuwa linafuliwa. Mfanyakazi kijana wa reli aliyekuwa akilala hotelini humo ndiye aliyelitambua jina kwenye daftari la wageni. Alikuwa ameyanakili mashairi yake alipokuwa akijifunza Kihispania darasa la usiku. Tarehe 22 Februari Machado alifariki. Mama yake alimfuata siku tatu baadaye. Jeneza lilifunikwa bendera ya Jamhuri na kubebwa na askari wa Kihispania waliokuwa wameshikiliwa hapa ngomeni, na kaburi la kwanza lilikuwa la kuazimwa. Ndani ya mfuko wa koti la marehemu, José alikuta karatasi yenye mstari mmoja wa mwisho: siku hizi za buluu na jua hili la utotoni.

Nilimfasiria shangazi, naye akaniambia nirudie. Kisha akainua mikono akaomba dua kimyakimya, kwa maiti wa dini nyingine, na hakunieleza kwa nini. Aliniuliza tu kama mama mtu amezikwa hapohapo. Nikamwambia ndiyo, wako pamoja. "Afadhali," akasema.

Ngome tuliyotembea jana nayo ina sehemu yake. Kuanzia Machi 1939 iligeuzwa kambi ya adhabu kwa wakimbizi na wapiganaji wa Jamhuri walioonekana wakorofi. Mamia walifungwa humo, kazi ngumu, vichwa vimenyolewa, bila hukumu ya mahakama, mpaka kelele za magazeti na mawakili zilipofanya ifungwe kabla mwaka haujaisha. Ufukwe wa Argelès, ule ambao treni yetu iliupita kwa mbali, ulizungushiwa seng'enge na makumi ya maelfu wakalazwa mchangani, wengi bila hata hema, kwenye upepo wa Februari. Nimeishi Ufaransa miaka mingi nikisikia watu wakizungumza juu ya wakimbizi kana kwamba ni jambo la jana. Mkoa huu unajua zaidi. Jirani zetu wa hoteli, wazee wawili wanaoongea Kifaransa cha kusini, walituambia bibi zao walivuka mlima mwaka ule, mmoja akiwa amebebwa mgongoni.

Jioni hatukutoka tena.

Ijumaa

Upepo. Unaitwa tramontane, unashuka kutoka bara, mkavu, unafagia mawingu yote na kuacha anga kali. Bahari karibu na ufuo inakuwa laini huku nje inatoa povu, kwa hiyo mgeni anaweza kudanganyika. Vijana wa jeshi walikuwa mazoezini kwenye boti ndogo za kasia. Mji una kituo cha mafunzo ya makomandoo, na ngome ya Miradou juu ya kanisa ni yao. Shangazi aliswali chumbani, msikiti uko Perpignan.

Adhuhuri tuliizungukia habari ya wachoraji, kwa maana huwezi kuikwepa. Henri Matisse alifika hapa Mei 1905, André Derain akamfuata Julai, na kiangazi kile walichora Collioure kwa rangi ambazo hakuna macho yaliyoziona: milingoti myekundu, maji ya waridi, miti ya buluu. Vuli walionyesha kazi zao Paris, kwenye Salon d'Automne. Mhakiki Louis Vauxcelles, alipoona sanamu ya mtindo wa kale katikati ya michoro ile, akaandika kuwa ni Donatello, mchongaji wa kale wa Italia, baina ya wanyama wakali, fauves, na jina likawakaa. Leo kuna vibao vya nakala za michoro mahali palepale walipotega turubai, na fremu tupu za chuma unazochungulia ili uone walichokiona.

Shangazi alichungulia ndani ya fremu moja akaona kanisa. Akachungulia tena nje ya fremu akaona kanisa. Akanitazama mimi.

Kilichomvuta ni nakala ya mchoro wa Derain wa bandari. "Hizi zinavua," akasema, akigusa mashua kwenye kibao. Ni kweli, na ndilo jambo ambalo watu wa majumba ya sanaa hulipita haraka. Mwaka 1905 ufuo huu ulikuwa mahali pa kazi: mashua zimepandishwa kokotoni, nyavu zimetandazwa, wanawake na mitungi na vikapu. Matisse na Derain walikuja kuchora mji wa wavuvi. Michoro ikaleta wachoraji wengine, wachoraji wakaleta watazamaji, na reli iliyokuwepo tangu miaka ya 1860 ikawaleta wote kwa urahisi. Mtaa wa Mouré, nyuma ya kanisa, vichochoro vya ngazi walikokaa wavuvi, sasa kila mlango wa pili ni duka la picha. Kwenye baa ya Les Templiers kuta zimejaa michoro ambayo wasanii walimwachia mwenye nyumba, René Pous, mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Tulikunywa kahawa pale. Kahawa ni ghali kidogo kwa sababu ya kuta.

Silaumu. Samaki walipopungua mji ulikuwa na kitu kingine cha kuuza, na miji mingi ya wavuvi haikupata bahati hiyo. Ila ukikaa pale ufuoni na mtu ambaye bahari kwake ni kazi, unaona wazi kwamba mmoja katika wawili hao, mvuvi na mtazamaji, ndiye aliyebaki na ufuo.

Jumamosi

Fort Saint-Elme iko juu ya mji, zaidi ya mita 160 kutoka baharini, ngome yenye umbo la nyota iliyojengwa kwa amri ya Kaizari Charles V, aliyekuwa pia mfalme wa Uhispania, katikati ya karne ya 16. Mimi nilipanda kwa miguu, kupitia kinu cha upepo cha karne ya 14 kilichofufuliwa kinachokamua mafuta ya zeituni. Shangazi na magoti yake walipanda lile gari la watalii linalovuta mabehewa barabarani, wakafika kabla yangu.

Juu unaona pande zote mbili. Kaskazini Collioure nzima na ufuo mrefu unaopotelea Argelès. Kusini Port-Vendres, ile bandari ya Vauban, meli ya mizigo imeegeshwa na vyombo vya uvuvi vichache vya kweli. Ni Port-Vendres ndiyo iliyopeleka meli Algeria kwa zaidi ya karne. Tuliteremkia huko mchana kwa saa moja tu, na hapo shangazi akapata alichokuwa akikitafuta tangu Jumatatu: nyavu za nailoni zimelundikwa gatini, chafu, na paka wawili.

"Sasa hapa ni pwani," akasema.

Baina ya miji hiyo miwili ni mizabibu. Mwamba ni wa tabaka kama vigae, unavunjika ukiukanyaga, na kila tuta limeshikwa na ukuta wa mawe yasiyo na saruji. Mifereji imejengwa ikikatana kwa mshazari ili mvua kubwa za vuli zisiondoke na udongo wote. Mashine haiwezi kupita. Zabibu zinachumwa kwa mkono na kubebwa mgongoni, na tulikuta watu wachache wakimalizia mavuno. Familia nyingi hapa zilikuwa na kazi mbili, mvinyo na bahari: majira ya samaki baharini, majira ya zabibu mlimani. Shangazi hana haja na mvinyo lakini kuta zile alizisifu. Alihesabu matuta kwa kidole mpaka akachoka.

Jumapili

Treni yetu ilikuwa ya alasiri, basi asubuhi tukaenda Desclaux, ile nyumba ya pili, kununua. Nilichukua minofu ya mafuta. Shangazi alitaka wale wazima wa chumvi, chupa ya kioo, na alitaka kwanza igeuzwe juu chini aone kama maji yake ni safi. Muuzaji aliigeuza bila kuuliza.

Kisha tukabishana barabarani mpaka kituoni. Nilimwambia ajaribu nyumbani: apate mapipa, chumvi ya Pemba, atie dagaa mchele, auze kwenye mahoteli ya watalii kwa bei mara kumi ya Wakongo.

"Dagaa mchele yule," akasema, "ukimtoa kichwa na tumbo unabaki na nini?"

"Basi saladini."

"Saladini ana mafuta. Joto letu lile, miezi mitatu ndani ya pipa? Wao wana kipupwe, wana vyumba vya baridi. Na nani atakaa kutoa vichwa siku nzima? Wanawake wangu wanalipwa kwa ndoo, hawatakaa na samaki mmoja mmoja." Akatembea kidogo. "Lakini ndogo naweza. Pipa moja. Kwa wale saladini wakubwa wa kipupwe, wakipatikana. Nikitia chumvi nyingi na kuweka kivulini, tutaona."

Kituoni alinitaka simu. Akampigia mwenzake wa Mkokotoni, akamweleza habari za vichwa vinavyotolewa bila kisu, akaweka simu begani ili mikono iwe huru kuonyesha, na treni ilipokuja alikuwa bado anauliza gunia la chumvi sasa ni shilingi ngapi.